Ile Chupa Niliyokutumia

Benchi la nje,
Wodi ya watoto, hospitalini.
Jumatano, kabla jua halijafika utosini.

Mpendwa mdogo wangu, tuliyenyonya ziwa moja,

Najua umeyaona maandishi mekundu juu ya bahasha kabla hujaifungua. Nimeyaandika kwa rangi ya taa za nyuma, ile ninayoitunza kwa magari ya wenye hadhi, ili hata bahasha ikipita mikono kumi kila mkono usome: CHUPA YA DAWA USIIGUSE. Kama hukuyasoma, yasome sasa. Kama uliyasoma, yasome tena. Halafu inuka uiweke chupa hiyo juu kabisa, pale ambapo hata shemeji mwalimu na urefu wake wote atahitaji kiti, ndipo urudi tusalimiane.

Umerudi? Haya. Hujambo, mama? Umeamkaje? Shemeji hajambo, chaki bado inamkohoza? Na Kishungi wangu anaendeleaje? Sikuulizi kama watu wanavyouliza kwenye barua, kwa mazoea, ili wapate nafasi ya kuomba kitu. Nauliza kweli. Anapumuaje? Ananyonya? Ukimtajia mjomba wake bado anacheka mpaka kile kishungi cha nywele kinatikisika? Tangu jana najiuliza maswali haya kwa sauti, mpaka mzee mmoja aliyekuwa amekaa nami amehamia benchi jingine.

Sisi huku ni wazima kidogo. Neno hilo "wazima" nimelipima kabla ya kuliandika. Wifi yako ni mzima, ila haniongeleshi zaidi ya lazima. Mimi ni mzima, ila tangu juzi nimevaa viatu visivyo pea moja. Msasa yumo humu ndani, kitanda cha dirishani, kati yetu ni ukuta tu. Yu hai. Hilo nimelitanguliza kwa sababu nakujua, ungeruka mistari yote kwenda kulitafuta.

Nimekupigia simu mpaka kidole kimeota sugu. Yule mwanamke wa kwenye simu anayesema hupatikani sasa namwamkia kama mama mkwe. Dereva wa lori la vigae ndiye aliyenijuza kuwa mnara wenu ulianguka na mvua na hakuna aliyekuja kuuinua. Ndiyo maana nimeshika kalamu, mimi niliyeachana na shule darasa la tano kwa amani, bila ugomvi, kila mmoja akashika njia yake. Dereva yuko hapo ng'ambo ya barabara, vigae vimeshapakiwa, anakula. Amesema akishiba anaondoka. Anakula polepole, na kwa mara ya kwanza namwombea baraka kwa hilo.

Sasa nikueleze, na usome hadi mwisho hata kama unanitukana.

Msasa unamjua. Jina lile hatukumpa bure, mtoto anakukwangua kwa maswali kuanzia asubuhi mpaka unang'aa. Basi siku moja akanyamaza. Nyumba nzima tukausikia ukimya, kama gereji umeme unapokatika. Kumgusa, mwili ungeweza kukaushia rangi. Tukampeleka zahanati, daktari kijana akammulika kooni, akatuita tuone wenyewe: mafindofindo yamevimba, na juu yake usaha mweupe. Akasema hao ni bakteria. Akampima uzito, akauliza kama amewahi kuvimba au kutoka vipele kwa dawa yoyote, tukasema hapana, akaandika antibayotiki ya maji.

Dirishani tulipewa chupa yenye unga. Mfamasia akaanza kunieleza: chemsha maji, yaache yapoe kabisa, mimina nusu, tikisa, ongeza hadi kwenye mstari huu, tikisa tena, na kila unapotaka kumpa mtoto, tikisa kwanza. Nikamkatiza. Nilimwambia anayemwona mbele yake ndiye Fundi Kioo, mpaka rangi ambaye gari likitoka mkononi mwake unajitazamia. Kwamba nimepaka basi la timu lililokwenda kucheza nchi za watu likarudi na kombe. Nimepaka gari la mheshimiwa ambaye simtaji. Nimepaka gari la maiti, na wafiwa wakasimama kwanza kujitazama mlangoni, mmoja akaweka sawa kilemba. Nimechanganya rangi katika miji ambayo yeye ameisikia redioni tu. Sasa unga na maji vitanishinda nini? Akanitazama, akatia kile kijiko chao cha kupimia kwenye mfuko, akaita mwenye namba nyingine. Kijiko chenyewe Msasa alikifanya koleo la kuchotea mchanga.

Hapa ndipo ujinga wangu ulipovaa suti, mdogo wangu.

Sisi watu wa rangi tuna mwiko. Rangi ikishachanganywa haitikiswi. Unaikoroga kwa kijiti, taratibu, kama uji wa mgonjwa, halafu unaiacha itulie. Ukiitikisa unaingiza mapovu, na povu moja likipasuka juu ya mlango wa gari linaacha kitundu kama kovu la ndui. Hapo hakuna dawa ila kukwangua na kuanza upya. Kuna wanafunzi nimewafukuza gerejini kwa kosa hilo. Basi ile dawa ya Msasa nikaikoroga kwa kijiti kisafi, ikawa laini, haina povu hata moja. Nikaisimamia nikaisifu. Nikaiweka kabatini. Kila saa ya dawa ilipofika naishusha kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba yai, namimina ya juu juu kwenye kijiko cha mchuzi, narudisha, wala chupa haijui kama ilitoka. Wifi yako akasoma kibandiko akasema, "Baba Msasa, hapa wameandika itikiswe." Nikamwambia hayo wameandikiwa watu wasio na mkono.

Akairudisha chupa kabatini, akaenda zake jikoni. Ningejua nisingefurahia kumshinda.

Na namna ya kumnywesha nayo nikajifanya bingwa. Siku aliyokataa kufungua mdomo nilimlaza chali, nikambana pua, kinywa kilipofunguka nikamwaga kijiko kizima. Dawa ikaenda njia ya pumzi. Mtoto akakauka, macho yakatoka, midomo ikabadilika rangi, na mimi rangi nazijua, ile sikuwahi kuiona kwa mtu. Wifi yako akamnyakua, akamwinamisha, akampiga mgongoni kwa kiganja mpaka akakohoa. Tangu hapo akimwona baba yake ameshika kijiko anakimbilia chini ya meza. Nikamcheka. Nilicheka kwa sababu nilikuwa nimeogopa na sikutaka wajue.

Baadaye joto likashuka. Akaomba chakula. Akauliza kwa nini kuku hana meno. Nikatangaza ushindi mtaa mzima, nikasema mtoto amepona, na dawa si chakula, tusimzidishie. Siku zilizoandikwa kwenye kibandiko zilikuwa hazijaisha, na chupa ilikuwa na karibu nusu.

Ndipo dereva wa vigae akaja na salamu zenu: Kishungi anakohoa, mwili unachemka, na zahanati iko mbali. Unaujua moyo wangu, hauombwi mara mbili. Nikaichukua ile nusu chupa. Nikaifunga vizuri. Na kama ninavyofanya kwa kila kopo la rangi linalotoka mkononi mwangu, nikaizungushia ule utepe wa karatasi tunaozibia vioo, ukingo wake wa juu sawasawa na pale dawa ilipoishia. Hiyo ndiyo desturi yangu, kopo likirudi najua papo hapo kama limeguswa. Nikampa dereva na maneno ya mdomo: amwambie dada yangu ampe mtoto kijiko kikubwa, kikiwa kimejaa, asubuhi, mchana na jioni, kama nilivyompa Msasa. Na kichwa changu nikakiinua juu, mjomba nimefanya kazi ya ujomba.

Nilipomuuliza jana alisema aliiacha chupa kwa mwenye duka la njia panda, ambaye huwapa mizigo yenu wapandao huko juu. Kama imeshafika kwako au bado iko rafuni kati ya sabuni na mshumaa, hajui. Mimi nami sijui. Hapo ndipo nilipo.

Nikurudishe kwa Msasa. Jumatatu asubuhi hakuamka kuuliza kitu. Alikaa kitandani mate yanamtoka, hawezi kuyameza. Mdomo haufunguki zaidi ya upana wa kidole. Shingo upande mmoja imevimba kama ameficha embe bichi, na sauti inatoka kama ya mtu aliyezibwa kitambaa. Anataka kusema "baba" na haisikiki. Nilimbeba nikakimbia naye hadi barabarani nikiwa na viatu vya gerejini, kimoja changu na kimoja cha mtu mwingine. Njiani kichwa chake kiko begani kwangu, nahesabu pumzi zake, na nilipokosa moja nikasimama katikati ya njia kuisikiliza, magari yananipigia honi.

Hapa hospitalini wakasema usaha umejikusanya nyuma ya findo, unataka kumzibia njia ya hewa. Wakamwingiza ndani kuutoa. Mdogo wangu, mimi nimevuka mipaka nikiwa nimelala juu ya magunia. Nimekaa rumande ya ugenini kwa kosa la mtu aliyefanana nami, na bado nikawachekesha askari. Lakini lile pazia la kijani lilipofungwa nikasikia mlio wa mwanangu usio na maneno, nilikaa sakafuni. Sikukaa kwa kutaka. Wifi yako alisimama wima, na ndiye aliyenishika kichwa.

Wakamtundikia dripu, wakawa wanampa dawa kwa mshipa. Jana alasiri daktari wa watoto, mama mmoja mwenye miwani na sauti ya chini, akatuita ofisini atuulize historia. Akataka kuona dawa aliyotumia mwanzo. Nikamwambia sikuitupa, mimi si mtu wa kutupa kitu kizuri, nimemtumia dada yangu ana mtoto naye.

Kalamu yake ikasimama.

"Mtoto wa dada ana umri gani?"

Nikasema hajafika miaka miwili.

"Ana kilo ngapi?"

Nikiinua kopo la rangi nakutajia uzito wake bila mizani, na watu wameshindana nami wakaishia kuninunulia soda kwa aibu. Kilo za Kishungi sikuzijua. Nikasema ni mwepesi. Akauliza anaumwa nini. Nikasema kikohozi. Akauliza nani alimpima akasema ni ugonjwa mmoja na wa Msasa. Nikasema salamu zililetwa na dereva wa vigae.

"Na ulikuwa unaitikisa chupa kabla ya kumpa huyu wako?"

Nikamweleza mwiko wa rangi. Huwa naueleza vizuri, watu hucheka. Yeye hakucheka. Aliinuka akaenda kwenye kabati, akaleta chupa ya dawa ileile iliyochanganywa asubuhi, akaishika dirishani bila kuitingisha. Chini ilikuwa nyeupe kama chokaa. Juu ilikuwa nyepesi, mwanga unapita.

"Baba Msasa," akasema, "huyu hapa ulimpa maji ya juu. Dawa yenyewe ilibaki chini. Ndiyo uliyomtumia yule mdogo."

Hakupandisha sauti. Angenifokea ningepona haraka.

Wifi yako akauliza kama dada atakuwa ameikoroga pengine. Daktari akasema hata asipoikoroga, lori limeitikisa njia nzima. Barabara yenu, ambayo nimeitukana miaka yote, imefanya kazi niliyokataa kuifanya. Kwa hiyo humo chupani sasa hivi dawa ni nzito kuliko inavyotakiwa kwa mtoto mkubwa, na nimeagiza mtoto mdogo apewe kwa kijiko cha mchuzi. Halafu dawa hiyo ikishachanganywa na maji ina siku zake chache, na nyingine zinataka ubaridi, na yenu imekaa kwenye joto la lori na la duka. Zikipita hizo siku inaharibika hata kama inanukia vilevile, matunda matunda.

Nikauliza kama inaweza kumuua. Daktari akavua miwani, akasema mara nyingi ikizidi inamharibu mtoto tumbo, anatapika, anaharisha, anaishiwa maji, na mwili mdogo unaishiwa haraka. Wapo wachache ambao miili yao inaikataa dawa hiyo kabisa, hao ni wa kukimbizwa. Lakini kinachomtia hofu zaidi, alisema, ni kwamba mama atakaa nyumbani akiamini mtoto anatibiwa, na kumbe kifua kinaendelea kuharibika.

Hilo ndilo lililoninyima usingizi. Kwamba wewe umetulia kwa sababu unaniamini mimi.

Sasa fanya hivi, na hapa sitanii. Kama hujampa, usimpe hata tone. Kama umeshampa, acha, na usihangaike kumtapisha. Kwa vyovyote vile mchukue Kishungi leo hii, si kesho baada ya kufua, uende naye zahanati hata kama ni kwa punda. Nenda na chupa. Waambie mtoto alipewa nini, kwa kijiko gani na mara ngapi, usinifichie aibu. Sema ni kaka yangu, fundi wa rangi, alichanganya kwa macho. Nitaibeba mimi.

Kabla hujavaa hata kanga, mfungue kifua umtazame amekaa kimya. Kama anapumua mbiombio kama aliyekuwa anakimbia, au ngozi chini ya mbavu inadidimia ndani kila anapovuta hewa, au hanyonyi, au anatapika kila kitu, au amelegea haamki vizuri, usingoje kikombe cha chai. Kama amevimba midomo au uso, ametoka vipele ghafla mwili mzima, au pumzi inapiga filimbi, mpe shemeji ambebe akimbie, miguu ile mirefu ipate kazi yake.

Na kama wakimpima wakasema ni mafua tu, yanapita bila antibayotiki, usigombane nao. Mimi ningegombana. Daktari amenieleza kuwa vikohozi vingi vya watoto ni vya virusi, na dawa hii haina habari navyo. Ukimpa ovyo ovyo unawafundisha bakteria mbinu, siku wakija kweli wanaicheka. Nikamwambia hapo nimemwelewa, hata wezi wa rangi gerejini wanajifunza mahali ninapoficha funguo.

Nesi ananiita. Ngoja.

Nimerudi. Dereva amemaliza kula, yuko kwenye chai. Nimempungia mkono, akanionyesha kikombe, kumbe kina nusu.

Nilikuwa nimeitwa kwa mtihani. Msasa leo anameza, kwa hiyo wanataka kumtoa kwenye dawa ya mshipa na kumrudisha kwenye ya chupa, na daktari ameapa haturudi nyumbani mpaka mimi mwenyewe nimempa mbele ya macho yake. Wifi yako alijitolea. Daktari akasema hapana, huyu. Mdogo wangu, mkono huu uliopaka gari la mheshimiwa ulikuwa unaloa jasho.

Wakanipa chupa mpya yenye unga, na maji yaliyochemka yakapoa. Nikamimina nusu. Nikasimama. Vidole vyenyewe vilikuwa vinatafuta kijiti. Nesi akakohoa kidogo. Basi nikaziba, nikaitikisa, nikaongeza hadi kwenye mstari, jicho likiwa sawa na mstari, si kutokea juu, nikangoja povu lishuke nione kama yamepungua, nikaongeza, nikaitikisa tena mpaka bega likauma. Mapovu yakajaa chupa nzima. Mapovu ya kufukuzia mwanafunzi. Sijawahi kuona mapovu mazuri kama yale.

Halafu wakanipa kibomba kidogo cha plastiki kisicho na sindano, chenye mistari pembeni. Nikavuta hadi mstari wa uzito wake, yeye, si wa mtoto mwingine yeyote duniani. Nikamkalisha wima mapajani. Alipoona mkono wangu unakaribia akafumba mdomo na macho, akajikunja, akatafuta meza ya kujificha chini yake na meza haikuwepo. Mwanangu ananiogopa, mdogo wangu. Sikujua kama mtu anaweza kuogopwa na mtoto wake na bado akaendelea kukaa kwenye kiti.

Nikamwambia simbani pua. Nikamwambia achague shavu. Alifikiri, akanionyesha la kushoto. Nikaingiza ncha ya kibomba kati ya shavu na fizi, nikasukuma kidogo, nikangoja ameze, nikasukuma tena kidogo. Hakupaliwa. Tone moja halikumwagika. Akanitazama akanong'ona, sauti inakwaruza kama jina lake, "Ya mchuzi iko wapi?" Nikamwambia ya mchuzi imestaafu.

Wifi yako alicheka. Akajirudi upesi akanuna tena, lakini nilimwona.

Kwa hiyo na wewe, wakikupa dawa huko, fanya hivyo hivyo. Itikise chupa kila mara kama unamgombeza mtu. Usiimwage kwenye kikombe kizima cha maziwa, asipomaliza hutajua ameacha kiasi gani. Akiitapika palepale, waulize kabla ya kumrudishia. Na akianza kucheka na kukimbiza kuku, endelea kumpa mpaka siku walizokuandikia ziishe. Kucheka kwa mtoto kulinidanganya mimi, kutakudanganya na wewe. Ikibaki, isitumwe kwa ndugu. Hata kwangu.

Dereva amesimama, anajipangusa mdomo. Nafupisha.

Nimemwagiza akifika njia panda asishushe kigae hata kimoja kabla hajaingia dukani. Akiikuta chupa bado iko kule, aichukue arudi nayo, na barua hii ampe mtu wa kwanza anayepanda akuletee. Akikuta imeshaondoka, barua aje nayo mwenyewe mpaka mlangoni kwako, nimemwahidi kulipaka rangi lori lake lote, ubavu kwa ubavu, rangi aitakayo. Ameniambia anataka dhahabu. Nitalipaka dhahabu.

Ukishaionyesha chupa hiyo zahanati, mpe dereva anirudishie. Usihangaike kuandika. Najua mikono yako itakuwa na mtoto, na mimi barua nitakuwa naisoma huku naogopa kila neno linalofuata. Nataka chupa tu. Nitakuwa kwenye maegesho ya malori siku anayorudi, nimesimama tangu asubuhi, na sitamwuliza kitu, hata salamu nitaichelewesha. Nitaishika dirishani kama daktari alivyoishika. Dawa ikiwa sawa na ukingo wa utepe wangu, nitajua hakuna kijiko kilichoingia. Ikiwa chini, hata kwa upana wa ukucha, nitapanda lori hilohilo nije, dhahabu itangoja.

Nisalimie shemeji mwalimu, mwambie sitamtania tena juu ya kusoma maandishi madogo madogo. Msalimie mama mkwe wako na jirani yako anayekusaidia kuchota maji. Msasa anamsalimu shangazi yake, na anauliza kama Kishungi ameshaota meno ya kutosha kumng'ata mjomba. Wifi yako anakusalimu kwa sauti kubwa kuliko anayonipa mimi. Mbusu Kishungi utosini, pale kishungi kinapoanzia, taratibu, kisha weka sikio kifuani kwake usikilize, unisikilizie na mimi.

Mwenyezi Mungu aitangulie barua hii njiani, aifikishe kabla ya kijiko.

Wako akupendaye, anayeingoja chupa ikiwa imejaa hadi kwenye utepe,

Kaka yako,
Fundi Kioo.